Mbono Kinywani mwa Bujiku

Jeneza lilifika kabla ya polisi.

Inspekta Shamimu alilikuta uani kwa marehemu, limewekwa juu ya viti viwili vya plastiki, vanishi yake inang'aa juani, kitambaa cha kijani cha kampuni kimetandikwa juu yake kama bendera. Maiti yenyewe ilikuwa ndani, juu ya mkeka, imefunikwa shuka. Kaburi lilikwisha kuchimbwa. Aliyekuwa akingojewa ni katekista tu.

"Nani katoa ruhusa ya kuzika?" Shamimu aliuliza.

Waombolezaji waliinamisha vichwa. Mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kijani akasogea mbele, mkono kifuani. Alijitambulisha kuwa ni Magesa, meneja wa shamba la mbono la Kampuni ya Kijani Asilia, lile lililozunguka kijiji kutoka kilimani hadi barabara ya Tinde.

"Mimi nimesaidia tu, afande. Kampuni imebeba msiba wote."

"Sikuuliza nani kabeba msiba. Nimeuliza ruhusa."

"Lakini jambo lenyewe liko wazi. Mzee Bujiku amekutwa asubuhi shambani kwetu, mdomo umejaa mbegu za mbono. Mbono ni sumu, hata mbuzi haugusi. Njaa, afande. Au uzee. Tumhifadhi tu apumzike."

Kutoka mlangoni ikasikika sauti ya mwanamke.

"Mume wangu hakuwa na njaa."

Alikuwa Justa, mjane wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye macho makavu. Shamimu alimwendea, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bujiku ndiye aliyewafundisha watoto wote wa hapa wasiguse mbono. Aliwachapa kwa ajili ya mbono. Leo mzee mzima azibugie kama karanga?"

Shamimu aliingia ndani, akafunua shuka. Kinywa cha marehemu kilikuwa wazi, kimejaa mbegu nyeusi, kavu, zilizomenywa vizuri. Hakuna hata moja iliyotafunwa. Midomo haikuwa na povu. Nguo hazikuwa na matapishi. Akachutama, akaangalia sikio la kushoto, kisha la kulia. Ndani ya mikunjo ya masikio yote mawili kulikuwa na vumbi jeupe, laini kama unga wa sembe.

Udongo wa kijiji kile ni mweusi. Mvua ikinyesha unanata kama ulimbo, jua likiwaka unapasuka nyufa. Hauna weupe hata wa dawa.

"Ameoshwa?" aliuliza.

"Bado," Justa alijibu. "Walitaka tumwoshe haraka. Nikakataa mpaka binti yangu afike."

"Umefanya vema, mama." Akamgeukia Sajenti Luka aliyesimama mlangoni. "Mkunje na mkeka wake. Anakwenda Shinyanga."

"Na jeneza?" Luka aliuliza.

"Liache. Mwenye nalo atalihitaji kwa maelezo."

Magesa alitabasamu, lakini tabasamu lile lilifika kwenye meno likakwama.

*

Daktari Nelly hakupenda kuzungumza wakati wa kazi. Alizungumza alipomaliza, akiwa amekwisha kuvua glavu.

"Hakufa kwa mbono. Anayekula mbono hutapika mpaka nyongo na kuharisha mpaka aishiwe maji. Huyu tumbo lake lina ugali na maziwa ya mgando. Mbegu ziko mdomoni tu, hata kooni hazikufika. Maiti haimezi."

"Amewekewa baada ya kufa."

"Na aliyemwekea alikuwa na haraka. Jino moja la mbele limevunjika, na fizi haikutoa damu." Daktari akasogeza sahani ndogo ya chuma. "Kilichomuua ni hiki hapa. Kifua kimepondwa. Mbavu zimeingia ndani, pafu moja limetoboka. Lakini hakufa pale pale, Inspekta. Damu iliyojaa kifuani inachukua muda kujaa. Huyu mzee alipumua kwa shida saa kadhaa. Angefikishwa kwa daktari mapema, nisingekuwa naye hapa."

Ndani ya sahani kulikuwa na vibanzi vya mti, vyeusi tii, na kipande cha gome.

"Vilikuwa vimezama kwenye ngozi ya kifua, vimepitia kwenye shati."

Shamimu alikiinua kibanzi kimoja kwenye mwanga. Mpingo.

"Ahsante, daktari," alisema taratibu. Luka, aliyemfahamu miaka mingi, alijua kwamba afande wake akianza kusema taratibu, mtu fulani mahali fulani amekwisha.

*

Walirudi kijijini, wakalitembea shamba zima kwa miguu.

Zamani mahali pale palikuwa ngitili ya kijiji. Msukuma yeyote anajua ngitili ni nini: ni malisho yanayofungwa masika ili kiangazi ng'ombe wasife, ni kuni, ni dawa, ni asali, ni nyasi za kuezekea. Wazee walikuwa wameilea ile ngitili tangu nchi ilipokuwa jangwa, wakailinda kwa mikuki na faini mpaka mipingo na migunga ikarudi. Bujiku ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Kampuni ilipokuja kuomba ardhi, karatasi zilisema hapo ni pori lililochoka, halina miti wala matumizi.

Sasa palikuwa na mistari ya mibono, mirefu kama mikeka ya msiba. Ile iliyo karibu na barabara ilikuwa na majani mabichi, kwa kuwa ilimwagiliwa kwa pampu kutoka lambo la kijiji. Lambo lenyewe lilibaki tope. Ukivuka mistari ile, ndani, mibono ilikuwa vijiti vikavu vilivyosimama kwenye nyufa.

Shamimu alipita mti hadi mti. Alikagua matawi, akapekua chini kwa fimbo.

"Unatafuta nini, afande?" Luka aliuliza.

"Tunda. Ganda la tunda. Hata moja."

Walitafuta mpaka jua likawachoma shingo. Hawakuona.

"Shamba hili halijawahi kuzaa," Shamimu alisema. "Basi mzee Bujiku kafia chini ya miti isiyo na mbegu, mdomo umejaa mbegu. Na kifua chake kimepondwa na gogo la mpingo. Luka, angaza macho. Wapi kijijini hapa unaona gogo?"

Luka aliangaza. Upeo wote ulikuwa mtupu. Hata kisiki kilikuwa kimechomwa.

"Sioni, afande."

"Ndiyo. Wameyala yote."

Njiani waliambiwa habari iliyoonekana kumaliza kesi papo hapo. Mfugaji mmoja, Ndaki, aligombana na marehemu kilabuni mbele ya watu, akaapa kumvunja mbavu. Walimkuta zizini, amekaa juu ya fuvu la fahali. Zizi lilikuwa kubwa, ng'ombe waliobaki walikuwa wachache, na ngozi zilizoanikwa kwenye ua zilikuwa nyingi kuliko ng'ombe.

"Ulisema utamvunja mbavu," Shamimu alianza.

"Nilisema."

"Naye kavunjwa mbavu."

Ndaki aliinua uso. Ilionekana habari ile ilimpiga. "Walisema mbono!"

"Mimi nasema mbavu. Ulikuwa wapi juzi?"

"Hapa hapa, nachuna ngozi. Waulize majirani, walikuja kununua nyama ya mzoga." Alisimama, mtu mkubwa. "Sikia, afande. Nilimchukia Bujiku, kweli. Alikuwa mlinzi wetu, na siku ya mkutano alinyamaza. Tuliambiwa mbono utaleta umeme, utaleta kazi, utaiponya dunia joto. Binti yake Asteria akapewa kazi ya kupalilia, basi baba mtu akanyamaza. Ng'ombe wangu wakafa mmoja mmoja wakiutazama uzio. Nikamwambia: ungekuwa mwanamume ungewavunja mbavu wao, la sivyo nitakuvunja wewe. Alilia, afande. Mzee yule alilia mbele ya watu."

"Kisha?"

"Kisha akaja hapa. Akaniambia lori linabeba magogo ya mwisho, yale ya kando ya mto, linapeleka Nyarugusu kwenye machimbo. Akasema atapanda nyuma, ajifiche chini ya turubai, akaone kwa macho yake. Akasema, 'Wanasema hatukuwa na miti. Nitaleta ushahidi wa miti.' Nilimcheka." Ndaki alikaa tena juu ya fuvu. "Nilimcheka mimi."

Justa aliwaeleza ushahidi ule ungetambuliwaje. Miaka ile ngitili ilipokuwa ikikua, Bujiku alikuwa akiokota vifuniko vya soda, akavipigilia msumari kwenye kila mti mkubwa usioruhusiwa kukatwa. Kifuniko kiking'aa, mwenye shoka anageuka.

Shamimu alijipangusa jasho. Aliwahi kuhudumu mkoa wa Geita. Alijua mahali ambapo vumbi jeupe huingia masikioni mwa kila mtu, awe mchimbaji, mama lishe au askari.

*

Nyarugusu huisikia kabla hujaiona. Makarasha yalikuwa yakisaga mawe kwa ngurumo isiyokata pumzi, na wingu jeupe lilitanda juu ya mabanda ya maturubai. Kila kope ilikuwa na unga. Shamimu alipitisha kidole kwenye kioo cha gari, akakitazama kidole.

Duara lililopokea magogo mapya, yaani shimo la dhahabu waliloelekezwa na wachimbaji, lilikuwa la Abdulshakur, mwanamume mnene mwenye kofia ya kitambaa na sauti ya kirafiki iliyozoea kushawishi wanunuzi.

"Karibu, dada yangu. Karibu chai."

"Nitaanza na shimo."

"Duara? Huko si kwa mtu safi kama wewe."

Shamimu alikaa ukingoni, akaning'iniza miguu, akashuka ngazi za miti akiwa na tochi mkononi. Kuta za duara zilikuwa zimezuiwa kwa matimba, magogo yaliyopangwa mraba juu ya mraba ili udongo usiwafukie wachimbaji. Magogo ya chini yalikuwa ya zamani. Ya juu yalikuwa mapya, ganda bado lina utomvu. Alimulika moja baada ya jingine. Kwenye gogo la mgunga, mwanga ukampiga jichoni: kifuniko cha soda, kimepigwa msumari katikati, ganda la mti limekiotea pembeni. Akamulika jingine. Kifuniko. Jingine. Kifuniko.

Alipopanda juu uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi na ulikuwa umekaza kama jiwe.

"Mzee aliyepondwa hapa," alisema, "alisimama wapi?"

"Mzee gani?"

"Abdulshakur, mimi ni Mwislamu kama wewe, sitakuapisha kwa mchezo. Nina magogo ya kijiji ndani ya duara lako. Nina vumbi lako masikioni mwa maiti. Ukikaa kimya, kesi ni ya kwako peke yako, kwa kuwa wenzio wa Kijani Asilia wako ghalani kwao Isaka, wananunua majeneza."

Mwenye duara aliitazama mikono yake. Makarasha yakanguruma. Mwishowe akaelekeza kidole kwenye uwanja mdogo kando ya banda.

"Lori lilisimama pale. Vijana walipotoa turubai wakamkuta mzee. Akashuka, akasimama nyuma ya lori, akasema magogo haya ni ya kijiji, hayashuki mpaka polisi waje. Hakutukana mtu. Alishika mnyororo tu. Vijana wangu wakagoma kushusha. Wakasema, babu huyu ni kama babu zetu."

"Nani aliufungua mnyororo?"

"Nisamehe, afande..."

"Nani?"

"Meneja. Magesa. Alitoka kwenye kabini, akasema hana muda wa kupoteza na mchawi wa msituni. Akagonga pini kwa nyundo upande wa pili. Mpingo wa juu ukaporomoka."

"Alimwona mzee?"

"Tulipiga kelele sote. Viziwi tu ndio hawakusikia."

"Kisha?"

"Mzee alikuwa hai. Aliomba maji. Nilimpa mimi, kwa kikombe changu. Magesa akasema atamwahisha hospitali, wakamlaza nyuma ya lori. Mimi nilijua wamemfikisha. Wallahi nilijua hivyo."

"Ulijua, au ulitaka kujua hivyo?"

Alikubali kuandika maelezo, na vijana wake wawili waliogoma wakaandika pia, wakigombea kalamu.

*

Ghala la Kijani Asilia liko Isaka, hatua chache kutoka reli. Malori ya kwenda Rwanda na Kongo yalikuwa yamepanga foleni nje. Ndani, magunia ya mbono yalifika kwenye paa. Magesa aliwapokea kwa furaha, akawatembeza kana kwamba ndio wafadhili.

"Haya ndiyo mavuno yetu, Inspekta. Kesho wageni wanakuja kutoka Ulaya. Kila lita ya mbono inayoingia kwenye ndege ni lita moja ya mafuta machafu inayobaki ardhini. Watu wanalia ng'ombe, ng'ombe. Hii nchi ilikuwa inaitwa jangwa kwa sababu ya ng'ombe hao hao! Tunaokoa dunia, na kuokoa kuna gharama yake."

"Gharama hiyo mbona hailipwi na huyo anayepanda ndege?"

"Samahani?"

"Haya mavuno yametoka wapi?"

"Shambani kwetu."

"Nimelitembea. Halijazaa hata tunda moja."

"Tunanunua pia kwa wananchi. Kwenye nyua zao."

"Na makaburini. Huku mbono hupandwa kichwani mwa kaburi, ndiyo maana watu huuita mbono kaburi. Mmechuma makaburi ya watu mkajaza ghala, ili wageni waone mavuno. Na miti ya ngitili mkaiuza Nyarugusu iwe matimba, pesa zake ndizo zilizowaweka mjini. Mti uliokuwa unavuta huo moshi unaoulilia mmeukata, visiki mmevichoma, lambo mmelimaliza, mkapanda fimbo. Niambie, Magesa, moshi wa siku ile mliyochoma ngitili, mbono wako utaurudisha mwaka gani?"

"Hayo yana wataalamu wake. Wewe ni polisi."

"Kweli. Basi tuje kwenye upolisi." Shamimu alichomoa mfuko wa nailoni wenye mbegu za kinywani mwa marehemu, akauweka juu ya gunia lililofunguliwa. Zilifanana kama ndugu. "Abdulshakur ameandika maelezo. Anasema ulimponda mzee kwa makusudi, akafa pale pale, ukaamuru maiti itupwe kwenye lori kama mzigo. Kesi ya mauaji. Kamba."

Uso wa Magesa ulibadilika rangi. "Mwongo! Yule mwizi wa dhahabu ni mwongo! Hakufa pale! Alikuwa anapumua, alikuwa anaongea, mpaka tunaipita Kahama alikuwa anao..."

Akasita. Nje, kichwa cha treni kilipiga honi, ndefu. Luka alikuwa amekwisha kuandika.

"Mpaka mnaipita Kahama," Shamimu alirudia. "Mliipita. Mji mzima, na hospitali yake, na taa zake. Mzee kifua kimevunjika, anaongea nyuma yenu, nanyi mnaipita. Alikuwa anasema nini?"

Magesa aligeukia mlango wa ghala.

"Nimekuuliza, alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa... alikuwa anataja miti," Magesa alisema kwa sauti ndogo. "Majina ya miti. Dereva akafunga dirisha."

Simu ya Magesa ikaita. Akaitazama, roho ikamrudia, akampa Shamimu kwa mikono miwili. "Ongea na mheshimiwa. Ongea naye mwenyewe."

Shamimu aliipokea. Sauti nzito ikamwambia, bila salamu, kwamba mradi ule ni wa taifa, kwamba wageni wako njiani, kwamba wapo watu wanaopenda kuhamishiwa mipakani.

"Mheshimiwa," alisema taratibu, "simu uliyopiga sasa ni kielelezo katika shauri la mauaji. Namba yako imo. Ungependa kuendelea?"

Upande wa pili ukakatika. Shamimu aliizima simu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga.

"Mfunge pingu," alimwambia Luka. "Na asikae mbele. Mlaze nyuma ya gari, aone barabara inavyopiga mbavu."

*

Wakampeleka Magesa rumande Shinyanga. Kesho yake Shamimu, akiwa na Luka, alikwenda kwa Justa, kwa kuwa habari ile hakutaka mjane aisikie redioni. Wanawake wa msiba walikuwa wamejaa uani. Alisimulia yote, bila kupunguza.

Justa alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa hai walipopita hospitali."

"Ndiyo, mama."

"Akitaja miti."

"Ndiyo, mama."

Justa hakulia. Alijifunga kanga upya kiunoni, akakaza, akaingia ndani. Alitoka na jembe. Asteria, binti yake, aliyekuwa amefika kutoka mjini, alimtazama mama yake, kisha akavua fulana ya kijani aliyopewa siku za kupalilia, akaitupa jikoni kwenye moto, akachukua jembe lake. Mwanamke mmoja akainuka. Wakainuka wote.

Walivuka njia wakaingia shambani kwa mstari mmoja, bila wimbo, bila vigelegele. Mbono wa kwanza uling'oka na mizizi yake mifupi. Ukafuata wa pili. Hapo ndipo ukelele wa kwanza wa kilio ulipopanda, ukapokewa, na majembe yakaenda nao. Ndaki alitokea zizini mbio, akashika mti kwa mikono mitupu.

Barabarani, gari mbili nyeupe zenye vioo vyeusi zilipunguza mwendo, zikasimama. Dereva wa kwanza akateremsha kioo, akamwuliza Luka kama hili ndilo shamba la kuonyeshwa wageni wa Ulaya.

Luka akamkimbilia afande wake. "Tuwazuie hawa mama? Hili si eneo la tukio?"

Shamimu alikuwa ameegemea boneti, jua usoni. Alitazama mistari, akanyoosha kidole polepole.

"Maiti iliokotwa kwenye mistari ile mitatu ya katikati. Lile ndilo eneo la tukio. Izungushie utepe vizuri, mtu asiguse."

"Na mingine yote?"

"Mingine," Shamimu alisema, "siioni kwenye faili langu."